Vipindi vya vikaragosi kwenye TV vilianzaje? Nina sungura wa soksi na dakika tano

Mwalimu wa Manyatta (Kisumu)

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Manyatta, darasa la PP1, watoto 41. Tangu muhula wa kwanza nina mwenzangu darasani anayeitwa Apuoyo. Ni sungura wa soksi: soksi ya kuchezea mpira ya kaka yangu, ya kijivu, iliyobaki peke yake baada ya mwenzake kupotea kwenye kamba ya nguo. Macho ni vifungo vya koti. Masikio nimeyakata kwenye suruali ya mtumba niliyonunua soko la Kibuye. Watoto wasiponisikia mimi, humsikia yeye. Kuna mmoja aliyekaa wiki tatu bila kufungua mdomo, na siku alipoufungua alimsemesha Apuoyo, si mimi: "Una njaa?"

Sasa mpwa wangu ni mpiga kamera katika stesheni moja ndogo ya TV huku kwetu. Aliwaonyesha wakubwa wake video ya Apuoyo. Mmoja akasema nilete vipindi vitatu vya mfano, dakika tano tano, waangalie kama vinafaa Jumamosi asubuhi. Mwingine, na huyu ndiye aliyeninyima usingizi, akacheka. Akasema vikaragosi vya TV ni kazi ya Wazungu wenye mamilioni, na bila studio kubwa na wataalamu ishirini hata nisijisumbue.

Nauliza wanaojua: ni kweli? Vipindi hivi vilianzia wapi, na vilianza na watu wangapi? Kulikuwa na stesheni za mjini tu, kama hii yetu, zilizovifanya? Na swali la pili, dogo lakini linaniudhi: darasani Apuoyo yuko hai kabisa. Kwenye video ya simu ni soksi. Anatazama dari mwanzo hadi mwisho. Nakosea wapi?

Baba Pacha (Kakamega)

Mwalimu, heshima kwako, lakini watoto wa leo wako kwenye simu. Wangu wawili wana miaka minne na wanajua kuruka tangazo kabla mimi sijaelewa ni tangazo. Historia ya TV ya nyanya zetu itakusaidia nini? Rekodi, weka YouTube, maisha yaendelee.

Fundi Mstaafu (Nakuru, Section 58)

Mwalimu, huyo aliyecheka haijui historia ya kazi anayolipwa kuifanya. Nasema hivyo nikiwa mtu aliyeshika bisibisi na kamera za TV miaka 31. Sasa niko nyumbani, goti linauma, wakati ninao, kwa hivyo jibu litakuwa refu. Jitilie chai.

Twende Chicago, tarehe 13 Oktoba 1947. Televisheni zilikuwa chache mno, na kampuni ya RCA iliyoziunda ilikuwa na tatizo la kibiashara: nani atanunua sanduku la bei hiyo ikiwa alasiri hakuna cha kutazama? Wakamlipa mchezesha vikaragosi anayeitwa Burr Tillstrom ajaze saa nzima kila siku kwenye stesheni ya hapo mjini, WBKB. Alikuwa na kijukwaa chenye pazia, kama kibanda cha M-Pesa hivi, yeye nyuma yake mikono juu. Kikaragosi wake mmoja, Kukla, alikuwa na kipara na pua ya mviringo. Mwingine, Ollie, alikuwa joka lenye jino moja. Wote, pamoja na jamaa zao wengine, waliishi kwenye mikono miwili na koo moja la huyo bwana. Mbele ya kijukwaa alisimama mama mmoja aliyetoka redioni, Fran Allison. Hakukuwa na maneno yaliyoandikwa. Walikubaliana habari ya siku, kisha wakazungumza, mubashara, hadi muda ukaisha. Kipindi kilipangiwa wiki 13. Kiliendelea hadi 1957.

Sasa hesabu. Mwanamume mmoja nyuma, mwanamke mmoja mbele, na mtu wa kinanda. Wale ishirini wako wapi?

Lakini sikutaji Chicago kwa ajili ya hesabu tu. Nakutajia kwa ajili ya Fran. Ukitafuta vipande vilivyobaki, usimwangalie joka, mwangalie yule mama. Hatupii macho nyuma ya pazia hata siku moja. Ollie akimjibu vibaya, anaumia usoni, anamgeuzia mgongo. Mtazamaji anamsoma yeye kwanza: ikiwa mtu mzima mwenye akili zake amemkasirikia joka kwa dhati, basi joka lipo. Wewe darasani unafanya kazi zote mbili, ya mkono na ya Fran, na inawezekana kwa sababu watoto 41 wanakusaidia kuamini. Kamera haikusaidii. Haina imani na mtu. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, tafuta mtu wa pili. Wewe ingia chini ya meza, yeye asimame.

Pittsburgh, 1954, hali ilikuwa duni zaidi, na hapa ndipo stesheni yako ingejiona kwenye kioo. WQED ilikuwa stesheni ya elimu iliyoendeshwa kwa michango ya wenyeji, haina matangazo ya biashara. Walitaka saa moja ya watoto kila siku. Mbele aliwekwa Josie Carey. Nyuma alikuwa kijana anayeitwa Fred Rogers, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kinanda na kutafuta filamu za bure za kujazia muda. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza, mkuu wa stesheni, mama Dorothy Daniel, alimpa zawadi ya chui mdogo wa kitambaa wa kuvaa mkononi, yule wanayemwita tiger. Mandhari yenyewe ilikuwa picha ya kuchorwa, na ndani yake kulikuwa na saa. Rogers akatoboa tundu kwenye saa, akamchomoza chui atangaze saa ngapi. Ilikuwa mzaha wa kufungulia tu. Lakini zile filamu za bure zilikuwa kuukuu, zilikatika hewani, na filamu ikikatika mtu lazima aseme kitu. Basi chui akasema. Akaitwa Daniel, kwa jina la yule mama, na kazi yake ikaendelea miaka mingi kuliko stesheni nyingi zilizoishi. Rogers alikuwa akikimbia nyuma ya ubao kutoka kwenye vikaragosi hadi kwenye kinanda, viatu vikilia ko! ko! ko!, hadi akavaa raba za turubai. Baadaye alipopata kipindi chake mwenyewe cha nchi nzima, mwaka 1968, raba zilikuwa sehemu ya kipindi. Watu wakadhani ni mtindo.

Sasa nikufikishe kwenye dari ya Apuoyo.

Mei 1955, Washington, stesheni ya WRC ilimpa mvulana wa miaka 18 dakika tano. Tano, kama zako. Jim Henson alikuwa bado hajaingia hata mwaka wa pili wa chuo, na mwenzake alikuwa mwanafunzi waliyesoma naye darasa moja, Jane Nebel, ambaye baadaye alimwoa. Kipindi kiliitwa Sam and Friends. Miongoni mwa hao marafiki alikuwa kiumbe wa kijani aliyeshonwa kwa koti kuukuu la mama yake Henson, macho ni mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu mbili. Ndiye Kermit, aliyekuja kuwa kikaragosi maarufu wa Henson, kabla hajawa chura. Mwanzoni hawakutunga hata maneno: waliweka santuri, vikaragosi vikafumba na kufumbua mdomo kufuata wimbo. Dakika tano hizo zilidumu hadi Desemba 1961. Na ukitaka kujua walikula nini, kuanzia 1957 walifanya matangazo ya kahawa ya sekunde kumi kumi, vikaragosi viwili, mmoja anapenda kahawa, mwingine hapendi na anaadhibiwa. Zaidi ya mia moja. Mwambie mpwa wako aitunze hiyo habari kwa siku ya kuzungumza malipo.

Henson alifanya mambo mawili ambayo unayahitaji. La kwanza, alikiacha kijukwaa. Wengine walipeleka kijukwaa chenye pazia studioni na kukipiga picha kama kilivyo. Yeye akasema kioo cha televisheni tayari kina fremu, hicho ndicho kijukwaa. Akakaa chini ya picha, mkono juu, na mbele yake sakafuni akaweka televisheni inayoonyesha kile kile ambacho mtazamaji anaona nyumbani. Hakuangalia kikaragosi chake. Aliangalia picha. Wewe unamwangalia Apuoyo kutoka chini, unaona kidevu chake, unadhani anatazama mbele. Hapana. Mkono ulionyooka juu huelekeza uso mbinguni, ndivyo mfupa ulivyoumbwa. Kunja kifundo cha mkono, kiinamishe hadi uhisi kama sungura anatafuta shilingi aliyoiangusha. Ukihisi umekunja vibaya huko chini, huko juu atakuwa anamtazama mtoto machoni.

La pili, uso laini. Kamera ya TV husogea karibu, na uso wa mbao karibu ni mbao. Kitambaa na sponji hukunjika, vidole vyako ndani vinaonekana kama fikira. Soksi yako kwa hilo imewazidi wengi, usiibadilishe na kitu cha duka.

Na mdomo. Wanaoanza wote hufanya kosa moja: wanainua vidole vinne juu, kichwa kizima kinarudi nyuma kama mtu anayepigwa ngumi kila neno. Tuliza vidole vya juu, shusha kidole gumba. Mdomo ufunguke pamoja na sauti, usiume neno. Nilifundishwa hilo kwenye kozi ya kamera Uingereza mwaka 1986, miezi sita (London ile nyingine, si mtaa wetu wa London hapa Nakuru). Mkufunzi alitufunza kuweka picha sawa kwa kutumia vikaragosi, kwa sababu vikaragosi havichoki wala havidai posho. Mikono ndiyo ilichoka. Mkono ulioinuliwa dakika tano ni mzito kuliko ndoo ya maji, fanya mazoezi. Niliporudi nikagundua jambo ambalo mkufunzi hakulijua: Kiswahili chetu karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Ka-ri-bu-ni, mdomo mara nne. Ukifungua zote sawasawa, sungura anatafuna. Fungua kwa nguvu ile ya pili kutoka mwisho tu, kariBUni, nyingine ziguse kidogo. Jaribu mbele ya kioo.

Ndugu Baba Pacha, umeuliza historia ya nini. Nitakuambia kwa nini yule mkubwa wa stesheni haijui. Vipindi hivi vilikwenda mubashara na vikapotea. Mashine ya kunasa picha kwenye kanda ilikuja 1956, kabla ya hapo njia ilikuwa kupiga filamu mbele ya kioo cha televisheni, na picha ikatoka kama imeoshwa kwa maji machafu. Kanda zilipokuja zilikuwa ghali, kwa hivyo zilirekodiwa juu yake tena na tena. Hili sikulisoma. Katika stesheni moja niliyofanya kazi nilikabidhiwa kanda ya kipindi cha watoto cha wikendi, nikaambiwa mechi inaanza saa kumi na hakuna kanda nyingine. Niliirudisha mwanzo nikabonyeza. Nilimwona msichana mmoja wa kwaya akiwa katikati ya kupunga mkono, kisha uwanja wa mpira.

Chai imeisha.

Mama Shamba (Luanda)

Mwalimu, usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Mimi niliona vikaragosi kabla ya kuona TV ya rangi. Kwetu tulikuwa na Great Wall ya inchi 14, haina rangi, inaendeshwa na betri ya gari. Betri tulichaji kwenye posho mill, na taarifa ya habari ikianza Baba aliamuru izimwe ikishasema mambo ya serikali, ibaki nguvu ya kipindi cha vichekesho, Vitimbi.

Katikati ya miaka ya 1990 walikuja sokoni watu wa CHAPS, ule mradi wa vikaragosi vya afya uliotoka Nairobi. Walitandika pazia jeusi kati ya wauza omena na wauza mitumba. Wakati huo ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa ukitaja tu jina, watu wanaondoka. Kikaragosi kilikitaja, watu wakabaki. Nakumbuka mzee mmoja, mzee wa kuheshimika, alikisogelea akakiuliza swali ambalo nina hakika hakumuuliza nesi wala mke wake. Kikamjibu kwa adabu, "Baba". Mzee akashukuru. Alikishukuru kikaragosi! Kijana wa nyuma ya pazia hakumtazama kabisa. Sasa nikisoma habari za huyo Fran naelewa nilichokiona: mzee ndiye aliyekuwa Fran.

Na wataalamu wapo nchini. Mwaka 2009 The XYZ Show, kipindi cha kejeli cha mchora katuni Gado, kilipoanza Citizen, vile vichwa vya mpira vya wanasiasa vilifinyangwa Nairobi na vijana wetu. Si kipindi cha watoto, wangu niliwafukuza kikianza, lakini mkono ni mkono. Jirani zetu Tanzania nao walipata kipindi cha watoto, Kilimani Sesame, na Afrika Kusini wana Takalani Sesame tangu 2000. Huko walimleta kikaragosi msichana anayeishi na virusi vya Ukimwi, Kami, mwaka 2002, ili watoto wacheze naye bila woga.

Kijana wa Kamera (Kisumu, Migosi)

Mzee wa Section 58, shikamoo. Nimejaribu hiyo ya kidole gumba na glavu ya pikipiki. Kumbe!

Mwalimu, ile televisheni ya sakafuni huhitaji kununua. Simu iweke kwenye stendi, kama inakubali iunganishe kwa waya na TV ya nyumbani, TV iweke chini karibu na magoti yako. Tumia waya, kwa sababu bila waya picha huchelewa nusu sekunde na utapata kizunguzungu. Na usitumie kamera ya mbele ya simu, ile ya selfi, inageuza kulia kushoto kama kioo. Ya nyuma haigeuzi, siku ya kwanza Apuoyo ataelekea upande usioutaka kila mara, siku ya tatu mkono utazoea.

Meza ya kulia chakula, leso mbili mbele yake zishikwe na vibanio vya nguo. Taa ni dirisha. Rekodi kabla ya saa nne asubuhi, baadaye jua la Kisumu linachoma kila kitu kuwa cheupe. Hilo la kijivu cha soksi pia liangalie: nyuma yake usiweke ukuta wa saruji, atapotea. Weka leso ya manjano.

Fundi Mstaafu (Nakuru, Section 58)

Marahaba, kijana. Hilo la rangi ni la maana. Uingereza kuna dubu wa mkononi anayeitwa Sooty. Harry Corbett alimnunua Blackpool mwaka 1948, wa manjano mtupu. Alipoanza kumpeleka kwenye televisheni isiyo na rangi alimpaka masizi masikioni na puani ili aonekane. Jina likatoka kwenye masizi, ambayo Kiingereza huitwa soot. Masizi ya jikoni, Mwalimu, ni bure.

Mwalimu wa Manyatta (Kisumu)

Nimerudi, na nimechelewa kwa sababu ya mitihani. Shikamoo Mzee wa Nakuru, na asanteni wote.

Nilihangaika na suala la Fran. Nilimjaribu mwalimu mwenzangu wa PP2, mrembo, Kiswahili chake safi, lakini kila Apuoyo akisema kitu alichungulia chini ya meza kuniangalia kama niko sawa. Nilimjaribu mpwa wangu, akacheka. Siku ya tatu mpishi wa shule alipita na sufuria ya uji akamkuta Apuoyo peke yake juu ya meza. Mimi niko chini nimenyoosha mgongo. Nikamwambia kwa sauti ya Apuoyo, "Mama, uji wa leo una sukari?" Akasimama. Akashika kiuno. Akasema, "Wewe ndiye unayewaambia watoto uji wangu ni mwepesi?" Hakunitafuta mimi. Aligombana na soksi dakika nne na sekunde hamsini, na mwishoni akamwonjesha kijiko. Kitambaa kimelowa uji hadi leo.

Simu ilikuwa inarekodi.

Niliwaonyesha watoto kwenye TV ya ofisini. Apuoyo hatazami dari tena, anamtazama mpishi. Yule mtoto niliyewaambia, wa "Una njaa?", baada ya video alikwenda jikoni kuhakikisha kama Apuoyo ameachiwa uji wake.

Tatizo sasa ni masikio. Kila nikiinamisha kifundo yanaanguka mbele yanamfunika macho. Na simu imejaa. Nataka kurekodi kipindi cha pili kesho asubuhi, nifute hicho cha kwanza? Tumeshakitazama, na mpwa wangu anasema cha pili kitakuwa kizuri zaidi.

Mama Shamba (Luanda)

Masikio: waya wa hanga wa dobi, uufunike kwa kitambaa, ushone kuanzia kichwani kwenda juu. Utayakunja utakavyo.

Baba Pacha (Kakamega)

Mkisharekodi cha pili mniambie ni Jumamosi saa ngapi. Si kwa ajili yangu.

Fundi Mstaafu (Nakuru, Section 58)

Mwalimu, usifute. Usiguse. Zima hiyo simu uiweke kabatini. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha nikutumie pesa za kadi ya memori, ununue leo kabla maduka hayajafungwa.